Bwana Shamba Aliyeonja Viwanja

Suruali za Bwana Shamba zilitoboka mifuko kabla ya magoti. Nalijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiishona hiyo mifuko. Cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka moja pale sokoni Kalamba, naye alikuwa hapitishi mwezi kabla hajatokea mbele yangu, gumbuti miguuni hata kama mvua mara ya mwisho ilinyesha mwaka jana. Alikuwa akiugeuza mfuko nje, na changarawe, vipande vya udongo mkavu na vumbi la rangi tatu vikamwagika kwenye sakafu niliyokuwa nimetoka kuifagia.

"Mama Mwende, hii nishonee kwa turubai."

"Turubai ni ya lori, Bwana Shamba."

"Na mimi kwani nabeba nini? Si mzigo?"

Nilimshonea kwa turubai. Zikatoboka vilevile.

Alikuwa na jina, bila shaka, la nyumbani na la ubatizo, lakini sikusikia mtu akilitaja isipokuwa pasta, na hiyo ilikuwa mara moja tu, kanisani, siku nitakayoisimulia baadaye. Serikali ilimleta kwetu miaka michache baada ya uhuru. Asili yake ni upande wa Zombe, kule Kitui, na alipenda kutukumbusha kwamba jua la Makueni ni la watoto. Kazi aliyotumwa ni kutufundisha kuchimba matuta ili udongo usichukuliwe na maji, kupanda kunde kwa mistari, na kutofungulia mbuzi kila mahali. Kazi hiyo aliifanya, na matuta mengine ya wakati wake yapo mpaka leo. Lakini moyo wake haukuwa kwenye kunde. Moyo wake ulikuwa kwenye ploti za watu. Mtu akitaka kujenga, hata kabla hajamwambia mkewe, Bwana Shamba alishakuwa amefika pale mahali na kupiga magoti.

Nieleze kwa nini ilikuwa jambo kubwa. Nyumba zetu za zamani zilikuwa za fito na udongo, na paa la nyasi. Ardhi ikivimba wakati wa mvua, nyumba inapinda nayo. Ardhi ikikauka, nyumba inarudi. Hakuna aliyelalamika, si mwenye nyumba wala nyumba. Halafu miaka ile watu wakaanza kupata matofali na mabati, na matofali hayana adabu ya kupinda. Yanapasuka. Na sehemu kubwa ya bonde letu ni ule udongo mweusi tunaouita ilimba. Kiangazi unafunguka nyufa za kuweza kumeza mguu wa ndama, masika unafura kama unga uliotiwa hamira. Ukipita huko wakati wa mvua unarudi na kilo mbili kwenye kila kiatu. Mtu aliweza kuuza ng'ombe wake wote, akajenga, na msimu wa pili tu akawa anaona jua kupitia ukuta.

Basi Bwana Shamba alikuwa na namna yake ya kupima. Kwanza anaangalia miti, kwa sababu kuna miiba midogo ambayo haioti ila kwenye ilimba. Halafu anaangalia nguzo za ua kama zimelala. Halafu anachimba shimo la kufika kiunoni, au anachimbisha mwenye ploti, anamwaga ndoo ya maji, na kukaa pembeni kuyatazama yakinywewa, huku akiimba besi ya wimbo wa kanisa ambao wengine wote wanauimba kwa sauti ya kawaida. Anachukua donge, analilowesha, analisokota viganjani mpaka liwe kama kamba, anaikunja ile kamba. Ikikatika, anatabasamu. Ikikunjika mviringo bila kukatika, anatikisa kichwa kama daktari. Mwisho, na hili ndilo lililowafanya watoto wamfuate, anaonja.

"Ladha inakuambia nini?" nilimuuliza siku moja.

"Meno ndiyo yanayokuambia. Mchanga unakwaruza. Chapati inateleza."

Kwake udongo wote ulikuwa chakula. Mchanga ulikuwa unga. Ilimba ilikuwa chapati, kwa sababu inasukumika na inafura. Ardhi ngumu yenye changarawe nyekundu na mawe aliiita muthokoi, jina la yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. "Jenga kwa muthokoi," alikuwa akisema, "chapati utakula Krismasi." Watu wa kutoka mbali waliosikia maneno hayo sokoni walidhani tunabishana juu ya hoteli.

Mutisya wa duka la vyuma hakumsikiza. Alikuwa amepata ploti nzuri, tambarare, kando ya barabara kabisa, na Bwana Shamba alipomaliza kuonja alitema na kusema kwa sauti, mbele ya wateja, "Umenunua chapati, tena ya kumimina." Mutisya alikasirika. Alisema yeye amenunua ploti, hakuomba mtu ailambe. Akajenga. Masika yalipokuja, mlango wa mbele ukakataa kufunguka. Akaita fundi, akaupunguza kwa randa. Kiangazi kilipokuja, mlango uleule ukaacha nafasi ambayo kuku wa jirani walipita bila kuinama. Akaita fundi, akaongeza ubao. Masika yakaja tena. Mpaka anahama, fundi yule alikuwa anajulikana kwa watoto wa Mutisya kama mjomba.

Nisije nikafanya ionekane kwamba alikuwa mtu wa kupatia kila kitu. Alimkosesha pasta raha ya miaka mingi. Pasta alitaka nyumba ya mchungaji iwe karibu na kanisa, Bwana Shamba akampeleka juu kwenye mwamba, akapiga mwamba kwa kisigino, akasema, "Hapa hata Yesu akirudi ataikuta." Nyumba ikajengwa. Na kweli, hata leo hakuna ufa. Lakini walipofika kwenye kuchimba choo, mtaimbo ulirushwa na ule mwamba kama mpira. Walijaribu huku, wakajaribu kule. Mwishowe choo kikachimbwa chini kabisa, karibu na kwa watu wengine. Mke wa pasta, mama mpole asiyesema neno baya, aliniambia huku nikimpima gauni, "Nyumba ni imara kabisa, mwaitu, mama yangu. Lakini choo kiko nchi nyingine."

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wake, nami nilimwambia. Yeye aliuliza udongo. Hakuuliza watu. Hakuuliza maji mtachota wapi, wala upepo unatoka upande gani, wala mama wa nyumba hii atakuwa anaongea na nani. Ukimwambia hivyo anakutazama kwa huruma, kama vile wewe ndiye hujaelewa.

"Mama Mwende, hayo mengine yanazoeleka. Msingi hauzoeleki."

Na yeye mwenyewe, huyu mpimaji wa nyumba za wote, hakuwa na nyumba. Alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya posho mill, na unga ulimwingia mpaka kwenye nyusi. Miaka ikapita, mshahara upo, mke hana, nyumba hana. Ukimuuliza, anasema bado anatafuta mahali. Kulikuwa na ploti moja huko Zombe yenye kasoro ya mchwa, nyingine Kalamba yenye mteremko uliozidi, ya tatu ilikuwa nzuri mno kwa kunde na ingekuwa dhambi kuikalia. Wanaume wa sokoni walisema Bwana Shamba anasubiri Mungu atengeneze udongo mwingine.

Sasa niwaambie habari ya Kavata.

Kavata alikuwa rika langu. Aliolewa mbali, nyuma ya vilima, ndoa ikavunjika, akarudi kwa baba yake na binti mmoja na sanduku la bati. Baba yake alikuwa mzee mwenye haki. Kabla ya kufa aliwaita wazee akasema sehemu ya chini ya shamba, ile inayopakana na barabara, ni ya Kavata, lakini ajenge na akae. Asipojenga, irudi kwa kaka yake, Nzioka. Mzee alisema hivyo kwa nia njema, ili binti asiuze akapotea. Nzioka alisikia ile sehemu ya pili tu.

Sehemu ya chini ilikuwa ilimba tupu. Nzioka alijua. Ndiye aliyemwita Bwana Shamba, akiwa na wazee wawili kama mashahidi, na mimi nilikuwapo kwa sababu Kavata aliniomba nimshike mkono.

Bwana Shamba hakujua lolote kuhusu mirathi. Yeye aliona shimo na ndoo ya maji. Akamwaga, akaimba besi yake, maji yakakaa palepale yakimtazama. Akasokota, akakunja, akaonja, akatema.

"Chapati," alisema. "Mwaitu, wewe nenda ujenge kule juu nyuma, kuna changarawe nzuri sana."

"Kule juu nyuma ni kwa kaka yangu," Kavata alisema. "Na sitaki nyuma. Nilipoolewa nilikaa nyuma ya kilima. Nilikuwa naona mbuzi asubuhi, naona mbuzi jioni. Sasa nataka kuona watu wakipita."

"Watu wanazoeleka. Hapa hapajengeki. Labda utoe hii nyeusi yote mpaka ufike chini kwenye ngumu, ujaze mawe. Na hiyo ni kazi ya tingatinga."

Nzioka akawageukia wale wazee. "Mmesikia serikali ikisema? Hapajengeki."

Kavata alinibana mkono. Bwana Shamba alikuwa anajipangusa magoti, ameridhika, anatafuta kofia yake. Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia siku ile. Tukiwa njiani nilimwambia maneno makali, na nikamweleza mambo ya urithi, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungebadilisha udongo?"

Akavunja donge kwa kisigino. Baadaye akasema polepole, "Udongo, hapana."

Wiki chache baadaye alihamishwa. Walimpeleka Mutomo, huko kusini mwa Kitui kwenye hospitali ya misheni, ambako hata mbuzi wanajua majina ya madaktari na mvua inakuja kama mgeni asiyetaka kukaa. Alikuja kuniaga na suruali mbili za kushonwa mifuko, na hakusema mengi.

Kavata naye alikuwa amelichukua lile neno moja. Labda utoe hii nyeusi yote. Alikuja kwenye veranda yangu akauliza, "Hiyo tingatinga ni kitu gani?" Nikamwambia ni mashine ya kuchimba, kubwa, inaendeshwa na mwanamume aliyekaa. Akafikiri kidogo. "Basi sisi tutachimba tukiwa tumesimama."

Tulikuwa na mwethya, kikundi chetu cha kazi, wanawake wa pale bondeni. Leo tunapalilia kwa huyu, kesho tunachimba matuta ya yule. Kiangazi hicho chote zamu ikawa ya Kavata. Ilimba ikikauka ni chuma, ikilowa ni gundi, na sisi tuliichimba ikiwa chuma. Tulichimba mfereji wa msingi kwa mtaimbo na jembe, tukitoa udongo kwa karai, kichwani, tukiimba nyimbo ambazo pasta hakuzijua. Mfereji ulipofika shingoni tukaanza kuona rangi ikibadilika, halafu jembe likagonga likalia, na Kavata, aliyekuwa ndani, akainama akaokota kipande akakitia mdomoni.

"Muthokoi!" alipiga kelele kutoka shimoni.

Tulicheka mpaka mmoja wetu akaketi chini. Halafu tukabeba mawe kutoka mtoni. Nzioka alipita akauliza tunachimba kisima? Tukamwambia ndiyo. Aliendelea zake akicheka, na hilo lilitupa nguvu za wiki nzima.

Nyumba ikasimama, ndogo, vyumba viwili, matofali na mabati, mlango ukitazama barabara. Ndani ya msingi kulikuwa na mawe ambayo hakuna aliyeyaona ila sisi. Nasi hatukusema. Mwanzoni hatukusema kwa hasira, tukitaka yule mtu wa serikali atoke jasho. Baadaye hatukusema kwa sababu ilikuwa raha mno.

Kwa maana mvua za kwanza zilipoanza, Bwana Shamba alitokea.

Habari za ile nyumba zilikuwa zimemfikia. Alikuwa ametoka Mutomo kwa lori la makaa mpaka Kibwezi, akapanda basi la barabara ya Mombasa mpaka Emali, na kutoka Emali akaja kwa miguu, matope mpaka mapajani. Hakupita kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa Kavata, akazunguka nyumba mara kadhaa, akipitisha kidole kwenye kila kona.

"Unatafuta nini?" Kavata alimuuliza kutoka mlangoni.

"Ule ufa."

"Ufa gani?"

"Utakuwepo. Lazima uwepo."

"Basi ingia unywe chai, ukiusubiri."

Alikunywa chai. Ufa haukuja. Alirudi Mutomo siku iliyofuata, na mvua za mwisho wa mwaka akaja tena. Na mwaka uliofuata, mvua zote mbili. Ilifika mahali Kavata akiona mawingu anaweka sufuria motoni. Binti yake alikuwa akimwambia mlangoni, "Bwana Shamba, leo angalia nyuma ya kitanda, bado hujaangalia huko," na mzee mzima anajikunyata chini ya kitanda na tochi. Safari moja alikuja hakujanyesha kabisa. Alisema amesikia kwenye redio kwamba huenda ikanyesha. Safari hiyo alipitia kwangu kwanza, akaniomba nimtolee turubai mifukoni, nimtilie kitambaa cha kawaida.

"Na mawe utaweka wapi?"

"Si kila safari mtu anabeba mawe, Mama Mwende."

Nilikata uzi kwa meno ili nisicheke.

Nzioka hakuwa anacheka. Nyumba ilisimama na yeye alitaka ile sehemu. Akaenda kwa wazee na hoja mpya. Alisema nyumba ile ni hatari, serikali ilishasema hapajengeki, itakuja kumwangukia mtoto, na nyumba ya hatari si nyumba, kwa hiyo sharti la baba halijatimia. Na shahidi wake alikuwa yuleyule. Alingoja mvua, kwa sababu alijua Bwana Shamba atakuja. Alipokuja, akamkuta Nzioka na wazee wamekaa kwenye viti mbele ya nyumba ya Kavata, na wanawake wa mwethya tumesimama nyuma, mikono kifuani.

"Bwana Shamba," alisema mzee mmoja, "wewe ulisema hapa hapajengeki. Bado unasema hivyo?"

Sasa mjue huyu alikuwa mtu wa majivuno. Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akisema "sijui" hata alipoulizwa saa. Na angeweza kabisa kusema ndiyo, nyumba itaanguka, kwa sababu kila alichosoma na kila alichoonja kilimwambia hivyo. Sisi tuliojua ukweli tulikuwa tumekubaliana kwamba akisema hivyo tutachimba msingi mbele ya wazee. Lakini Kavata alituashiria tungoje. Nadhani alitaka kuona.

Bwana Shamba akavua kofia. Maji ya mvua yalikuwa yakimtiririka shingoni.

"Wazee, mimi nilisema hapajengeki," alisema. "Nimekuja kila mvua kutafuta ufa. Nimetafuta nje, nimetafuta ndani, nimetafuta mpaka chini ya kitanda, samahani mwaitu. Hakuna. Nilikosea. Sijui nilikosea wapi, na hilo linaninyima usingizi huko Mutomo. Lakini siwezi kusema nyumba inaanguka na mimi naiona imesimama."

Nzioka akaruka. "Si ulionja wewe mwenyewe!"

"Nilionja. Basi ulimi wangu ni mbaya."

Wazee wakanong'onezana, na yule mkubwa akasema nyumba ni nyumba, Kavata amejenga na amekaa, na baba yao apumzike. Nzioka aliondoka bila kuaga. Wanawake tukapiga vigelegele ambavyo vilisikika mpaka posho mill.

Bwana Shamba peke yake hakufurahi. Alibaki amesimama kwenye mvua, kofia mkononi, kama mtu aliyeambiwa kwamba maisha yake yote alikuwa akisoma kitabu juu chini. Ndipo Kavata alipoenda nyuma ya nyumba akarudi na jembe. Akachimba kwenye kona, polepole, mpaka jembe likagonga jiwe. Akachimba kidogo tena. Jiwe juu ya jiwe.

"Ulisema nitoe nyeusi yote," alimwambia. "Nilitoa."

Bwana Shamba alipiga magoti. Akaingiza mkono mpaka begani kwenye lile tope. Tulimwona akipapasa jiwe moja, la pili, la tatu. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na hatukujua kama analia au anacheka, mpaka alipoinua uso, na kumbe ni vyote viwili.

"Na tingatinga mlipata wapi?"

"Hawa hapa," Kavata alisema, akituonyesha.

Aliniangalia mimi. "Mama Mwende, na wewe ulijua? Miaka yote hii unanishonea mifuko?"

"Mifuko ndiyo iliyoniambia mengine," nilisema.

Walioana kabla ya kiangazi. Hiyo ndiyo siku pasta alipolitaja jina lake, na watu wakageukiana wakiuliza ni nani huyo anayeoa. Yeye ndiye aliyehamia kwa Kavata, na sanduku lake moja na gumbuti jozi mbili. Sokoni wakasema Bwana Shamba ameolewa. Aliposikia, hakukasirika. Alisema ndiyo, na mahari yake ilikuwa mawe ya mtoni, yameshalipwa.

Serikali ilimrudisha Kalamba baadaye, na akazeekea hapo hapo, akistaafu, akitazama watu wakipita. Aligundua kwamba anapenda. Asubuhi utamkuta kwenye kigoda mlangoni akisalimia kila mtu kwa jina na kumuuliza habari za choo chake.

Mara ya mwisho kukaa naye tukaongea hasa ilikuwa miaka ya tisini. Watoto wangu walikuwa wameanza kazi, wakasema sasa mama atajengewa nyumba ya mawe. Mume wangu alisema popote ni sawa. Watoto walikuwa wameshachagua kwa ajili yangu, karibu na barabara, ili gari lifike. Nikaenda kumwita Bwana Shamba. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu na goti moja lilikataa kukunjika, kwa hiyo binti wa Kavata, ambaye sasa alikuwa mama wa watu, alimleta kwa baiskeli, amekaa nyuma ameshikilia kofia.

Nilimpa jembe. Hakulipokea.

"Asubuhi ukiamka," aliniuliza, "unataka kuona nini?"

Sikuelewa. Nikamwambia watoto wanataka kando ya barabara.

"Sikuuliza watoto. Wewe. Unataka kuona nini? Unataka kusikia nini?"

Nikasimama pale. Nilipoolewa nilionyeshwa nyumba, mlango upande huu, jiko upande ule, mama mkwe dirishani. Cherehani yangu ilikaa mahali ambapo mwenye duka alisema. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo, na nilipotafuta jibu nikashangaa kwamba lilikuwapo, limekaa tu likingoja.

"Nimeona watu vya kutosha," nilisema. "Miaka yote kwenye veranda, watu, watu, na suruali zao. Nataka kule chini, nyuma ya tuta la mwisho. Kuna upepo jioni. Nataka kuona migomba yangu na nisione mtu yeyote."

"Kavata atasema wewe ni mwendawazimu."

"Aseme."

Tukashuka, yeye akiniegemea. Hata bila kuchimba nilijua. Miiba ile midogo ilikuwa imejaa, na ardhi ilikuwa imefunguka nyufa kila upande. Nilimtazama nikingoja aseme neno lake. Akapapasa kwa fimbo, fimbo ikazama ndani ya ufa mpaka mkononi, akaitoa.

"Mbaya sana," alisema kwa furaha. "Ni mbaya kuliko ya Kavata. Tutachimba."

"Tutachimba nani? Goti lako?"

"Mimi nitaimba."

Halafu akaanza kuchora chini kwa ile fimbo. Alichora polepole, akiburuta mguu, kuta nne na nafasi ya mlango, na mlango akauelekeza kwenye migomba. Alipomaliza akaniambia niingie. Nikaona haya, mwanamke wa umri wangu kuingia kwenye mistari ya vumbi, lakini nikapita pale penye mlango nikasimama katikati. Upepo ulikuwa umeanza. Majani ya migomba yalikuwa yakigongana.

Yeye hakunifuata. Alibaki nje ya mstari, akavua kofia, akakohoa kidogo kama mgeni mwenye heshima.

"Hodi," alisema.

Nilichelewa kujibu, kwa sababu nilikuwa natazama.

"Hodi hapa kwa Mama Mwende!"

"Karibu," nikasema. "Karibu ndani."